Korongo wa Maswa: Tuhesabu Makinda

Mwaka 2012 ulikuwa mwaka wa furaha kwa wananchi wa Maswa. Serikali ilimega sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza, ukazaliwa Mkoa wa Simiyu wenye makao makuu yake Bariadi, na Maswa ikawa miongoni mwa wilaya zake tano. Mwaka huo huo, pasipo ngoma wala hotuba, ndege ambaye babu zetu walimzoea kama walivyozoea kuku wao aliingizwa na Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Maumbile katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Ndege huyo ni korongo taji. Sisi tulishangilia mkoa, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Habari ya ndege haikusomwa katika mkutano wowote tuliohudhuria.

Msomaji wetu wa Ukerewe au Ukara aweza kuuliza: ndege wa Maswa ananihusu nini mimi mtu wa kisiwani? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwanza kabla ya kuendelea. Mto Simiyu huanzia upande wa nyanda za Serengeti, hupita katika nchi ya Wasukuma, hupokea maji ya Mto Duma na vijito vingi vya msimu, kisha humwaga vyote katika Ghuba ya Speke, upande wa Magu. Ng'ambo ya ghuba hiyo ndiko iliko Ukerewe. Kila tope linalong'olewa na mvua katika shamba la pamba la Maswa lina safari moja tu ya kusafiri, nayo huishia katika maji anayovulia mtu wa kisiwani. Kati ya shamba na ziwa kuna mlinzi mmoja, yaani vile vinamasi na mbuga za udongo mweusi ambazo maafisa wetu huziita ardhi oevu. Nyasi na matete hupunguza mwendo wa mafuriko, tope likatua, maji yakaendelea na safari yake yakiwa mepesi. Na humo humo katika nyasi hizo ndimo korongo taji anamotaga mayai yake. Kinamasi kikifa, ndege hupoteza kiota na mvuvi hupata tope. Hayo si mambo mawili.

Lugha yetu ya Kiswahili, kwa bahati tu, imelieleza jambo hili kwa neno moja. Korongo ni ndege, na korongo ni ufa mkubwa uliochimbwa ardhini na maji ya mvua. Katika wilaya zetu leo hii korongo wa kwanza anapungua na korongo la pili linaongezeka.

Yafaa tumweleze ndege huyu, kwa maana vijana wengi wa mijini humjua kwa picha ya bendera ya Uganda tu, alikokaa katikati tangu uhuru wa nchi hiyo mwaka 1962. Tena Kiswahili chetu hakimtendei haki, kwa kuwa humwita korongo karibu kila ndege mwenye miguu mirefu, hata wale wa jamaa nyingine kabisa. Korongo taji ana kimo cha mita moja hivi, uzito wa kilo tatu hadi nne, na mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita mbili kutoka ncha hadi ncha. Mwili wake ni wa kijivu, mashavu ni meupe yenye doa jekundu, chini ya kidevu ananing'iniza kifuko chekundu ambacho hukijaza hewa anapolia, na juu ya kichwa amevikwa taji la manyoya magumu ya rangi ya dhahabu. Dume na jike hufanana hata mwenye macho makali hawezi kuwatofautisha.

Duniani kuna aina kumi na tano za jamaa hii ya korongo. Kati ya hizo, wenye taji peke yao, ambao wote ni wa Afrika, ndio wawezao kulala juu ya miti, kwa kuwa kidole chao cha nyuma ni kirefu na hushika tawi. Wenzao wote hulala chini au wakiwa wamesimama majini. Wataalamu huwahesabu hawa wenye taji kuwa ndio wa kale kuliko wote. Jambo hili la kulala mtini si la kupitia haraka. Maana yake ni kwamba ndege huyu anahitaji mambo mawili yaliyo jirani: kinamasi cha kutagia na mti mrefu wa kulala. Usukumani tulianza kuikata miti zamani, kwanza kwa ajili ya kumfukuza mbung'o wakati wa Mwingereza, kisha kwa ajili ya pamba, kisha kwa ajili ya mkaa. Mahali penye maji pasipo mti, na mahali penye mti pasipo maji, pote pawili kwake ni ugenini.

Chakula chake ni mbegu za nyasi, nafaka, panzi, minyoo, vyura na mijusi. Hutembea akipiga miguu chini kwa kishindo ili wadudu watoke walikojificha, na mara nyingi hufuata makundi ya ng'ombe kwa sababu hiyo hiyo, kwato za ng'ombe zikimfanyia kazi bila ya malipo. Mfugaji wa Maswa hakuwa adui yake kamwe. Tena hucheza. Huinamisha kichwa, huruka juu na mabawa wazi, huzunguka na kurusha majani hewani, na si wakati wa kutafuta mwenzi tu, bali wakati wowote, wakubwa kwa wadogo. Sisi tuliosoma shule zilizo kando ya mbuga twakumbuka jinsi mwalimu alivyolazimika kufunga madirisha ya upande mmoja ili somo la hesabu liendelee.

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja yetu. Korongo taji hushika mwenzi mmoja kwa miaka mingi. Wote wawili hujenga kiota kwa kulaza nyasi katikati ya kinamasi, mahali ambapo majani yanawaficha na maji yanazuia mbweha na mbwa. Jike hutaga mayai mawili hadi matatu, mara chache manne, na wote wawili hutamia kwa zamu kwa muda wa mwezi mmoja. Makinda hutoka kiotani karibu mara tu baada ya kuanguliwa wakifuata wazazi wao kwa miguu, lakini hawawezi kuruka mpaka ipite miezi miwili, pengine mitatu na zaidi. Kwa muda wote huo kinda ni mateka wa ardhi. Jembe la maksai likipita, mbwa wa wachungaji akipita, mtoto mwenye kikapu akipita, kinda hana pa kwenda.

Na ndege hawa huishi miaka mingi, hata ishirini na zaidi. Hapo ndipo penye mtego. Mwananchi aonaye korongo wawili mbugani kila mwaka husema, "Mbona bado wapo?" Naam, wapo. Lakini huenda ni wawili wale wale, wanaotaga kila msimu na kupoteza mayai kila msimu, wakizeeka mbele ya macho yetu. Siku watakapokufa tutasema wametoweka ghafla, na hali walikwisha kutoweka miaka kumi na mitano kabla, pale kinda lao la mwisho liliposhindwa kuruka. Ndiyo maana sisi hatutosheki na taarifa isemayo kwamba korongo wameonekana. Tunauliza makinda yameonekana mangapi.

Hesabu za dunia zinaonyesha jinsi mtego huo ulivyofanya kazi. Mwaka 1985 korongo taji wa Afrika Mashariki na Kusini walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Kufikia mwaka 2004 makadirio yalikuwa kati ya 50,000 na 64,000, na tangu hapo hawakuacha kupungua. Hakuna vita iliyopigwa, wala gonjwa lililotangazwa.

Visababishi vinajulikana. Kuna wanaokamata makinda na kuyauza ili yapambe bustani za hoteli na nyumba za matajiri, ndani na nje ya nchi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowauza nje ndege hawa, na biashara ya kusafirisha wanyamapori hai ilipigwa marufuku na Serikali mwaka 2016. Kuna wanaotafuta mayai na manyoya kwa ajili ya dawa za mapenzi, wakidhani kuwa uaminifu wa ndege kwa mwenziwe waweza kuhamia kwa mume asiyetulia. Kuna nyaya za umeme, ambazo ndege mkubwa asiyeweza kukata kona haraka hujigonga nazo. Kuna sumu, kwa maana korongo hufukua mbegu za mahindi na karanga zilizopandwa karibuni, naye mkulima aliyekopa mbegu hizo hupandwa na hasira, nasi hatumlaumu kwa hasira yake bali kwa sumu yake, ambayo haiishii kwa ndege. Lakini vyote hivyo vikijumlishwa havifiki uzito wa sababu moja: kinamasi kinalimwa, kinalishwa mpaka mizizi, na kinakaushwa.

Hapa hatuna budi kusema kweli, kwa kuwa ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara kumkemea mwenye jembe. Mkulima wa Maswa hakushuka mbugani kwa ukorofi. Pamba ina mwaka wa bei na mwaka usio na bei. Mvua za huku hazitabiriki, na shamba la juu likikauka, majaruba ya mpunga katika udongo mweusi ndiyo yanayopeleka mtoto shule. Mifugo nayo imeongezeka, malisho yamepungua, na mwisho wa kiangazi nyasi mbichi hupatikana kinamasini tu. Anayesema "ondokeni wote" hajapata kulala na njaa, wala hatafuatwa na mtu. Sisi hatusemi hivyo. Korongo taji si ndege wa msituni anayekimbia harufu ya binadamu. Amekula pamoja na ng'ombe wetu na kuokota masalia katika mashamba yetu kwa karne nyingi. Anachokosa ni sehemu ndogo ya kinamasi isiyoguswa kwa miezi minne ya mwaka: mmoja wa kutamia, na mitatu ya kulea.

Je, jambo hilo linawezekana? Wananchi wa huku wamekwisha kulifanya, tena kwa ukubwa ulioshangaza dunia. Mwaka 1986, Maswa ikiwa bado ni wilaya ya Shinyanga, ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Wakati huo mkoa ulikuwa ukiitwa jangwa na wageni, na baadhi yetu pia. Mpango ulipofanikiwa haukufanikiwa kwa sababu ya miche iliyoletwa kwa magari. Ulifanikiwa pale maafisa walipoketi na wazee na kuikumbuka ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua na kulifungua kiangazi. Mkutano wa jadi, dagashida, ulipanga mipaka na faini, na sungusungu wakasimamia. Mpango ulipokwisha mwaka 2004 ngitili zilizofufuliwa zilikuwa zimevuka hekta 300,000 katika mkoa ule. Mwaka 2002 kazi hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Kinamasi hakikupata ngitili yake. Hilo ndilo pengo. Tulifunga nyasi za vilimani na kuacha nyasi za majini wazi kwa kila mwenye jembe, kwa kudhani kwamba maji yanajilinda yenyewe. Sisi tunaona kwamba kila kijiji cha Maswa chenye mbuga ya maji kinaweza kufanya kwa kinamasi kile kilichofanywa kwa malisho: kukitembelea pamoja, wakulima, wafugaji na wazee, kukubaliana ni sehemu ipi ya katikati itafungwa mvua zinapoanza, na kuiacha miti mirefu iliyo kando yake isimame. Nyasi zilizofungwa zitakatwa au kulishwa baadaye, wakati wa ukame, zikiwa nyingi kuliko ambavyo zingekuwa. Wenye majaruba ndani ya sehemu hiyo wapewe mahali pengine kabla ya kuondolewa, si baada. Halmashauri ya kijiji ina uwezo huo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mamlaka ya kutunga sheria ndogo yapo tangu mwaka 1982. Hakuna haja ya kungoja Bunge.

Kwa maafisa wa Serikali tuna neno zito kidogo, nao watuvumilie. Kinamasi kimoja cha Maswa ni shamba kwa afisa kilimo, ni malisho kwa afisa mifugo, ni chanzo kwa mhandisi wa maji, ni makazi ya ndege kwa afisa wanyamapori, na katika ramani ya mpimaji mara nyingine ni mahali patupu. Kila mmoja huandika taarifa yake kwa wizara yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto au ziwa, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata ndege huyu bila ya kibali. Sheria zipo kabatini. Ukitaka kujua kama zipo na mtoni, panda baiskeli ufuate kijito chochote kutoka Lalago au Malampaka mwezi wa Januari.

Tena nchi yetu iliridhia mwaka 2000 ule Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971 wa kuhifadhi ardhi oevu, na ikaorodhesha maeneo manne: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Ni maeneo makubwa na ya fahari. Hakuna hata moja lililo katika bonde la Ziwa Viktoria. Hatulalamiki kwa wivu. Tunataja tu ili mtu asije akadhani kwamba Simiyu inalindwa na mkataba fulani wa mbali. Inalindwa na watu wake, au hailindwi.

Liko jambo jingine ambalo wahandisi watalielewa upesi kuliko wanasiasa. Mji wa Maswa umetegemea maji ya bwawa la New Sola huko Zanzui, na bwawa, kama sufuria yoyote, hujaa tope kutoka chini. Mwaka 2017 Mfuko wa Tabianchi wa Kijani uliidhinisha mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria katika Mkoa wa Simiyu. Mradi huo tunauunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu akina mama wetu wamebeba ndoo vya kutosha. Lakini hebu tuutazame mzunguko wenyewe. Tunaachia mvua ipeleke udongo wetu ziwani bure, kisha tunakopa na kuomba fedha za kuyafuata maji yale yale ziwani kwa mabomba na kuyasafisha. Kinamasi kilikuwa kikifanya sehemu ya kazi hiyo pasipo mshahara.

Rwanda, jirani yetu mwenye ardhi finyu kuliko sisi na watu waliobanana kuliko sisi, imeonyesha njia kuhusu ndege waliofungwa majumbani. Tangu mwaka 2014 waliokuwa wakifuga korongo taji nyumbani waliombwa kuwatoa bila ya kushitakiwa. Zaidi ya ndege 200 walitolewa. Wazima wakarudishwa porini katika Hifadhi ya Akagera, na waliovunjika mabawa wakapewa mahali pa kutunzwa karibu na Kigali. Hesabu ya nchi nzima ya mwaka 2017 ilipata korongo 487, na baada ya miaka michache ikavuka 1,000. Hawakuanza kwa kukamata watu. Walianza kwa kuhesabu, na kwa kuwaambia wananchi matokeo ya hesabu kila mwaka.

Nao ndugu zetu wa visiwani wasikae kama mashahidi. Wao wana ushahidi wao wenyewe. Wazee wa Ukerewe wanamkumbuka ningu, samaki ambaye mafuriko yanapofika hupanda mitoni kutoka ziwani kwenda kutaga katika nyasi zilizofunikwa na maji. Ningu alipungua tangu katikati ya karne iliyopita, kwanza kwa nyavu zilizozibwa midomoni mwa mito, kisha kwa kupotea kwa nyasi hizo za kutagia. Kinda la ningu na kinda la korongo lilifichwa na jani la aina moja. Kwa hiyo mvuvi anapodai kinamasi cha Maswa kilindwe anadai haki yake, lakini haki hiyo ataidai kwa sauti kubwa zaidi ikiwa matete ya ufukweni mwake mwenyewe hayajafyekwa kupisha bustani ya nyanya. Mita sitini za sheria ya mwaka 2004 zinapimwa hata Nansio.

Mvua za kwanza zitakaposhuka mwaka huu, korongo watakaokuwa wamebaki wataanza kulaza nyasi. Tunapendekeza kwa viongozi wa kata zote za Maswa zenye mbuga za maji kwamba shule moja katika kila kata ikabidhiwe hesabu, kwa kuwa watoto ndio wapitao mbugani kila siku na ndio wenye macho. Daftari moja latosha, lenye safu mbili: korongo wazima waliokuwapo, na makinda yaliyofikia kuruka. Liletwe kwenye kikao cha kata mwezi wa Mei pamoja na taarifa ya mavuno, lisomwe kwa sauti, na safu ya pili ikiwa tupu iandikwe hivyo hivyo kwamba ni tupu, pasipo mtu kuipamba.